Nyumba inatitia au ni plasta tu imepasuka? Anza na maji kabla hujaita fundi

Masika ikishakolea tu, simu yangu inaanza kujaa picha za kuta. Mtu kapiga ufa wake, kaweka kidole pembeni ili nione ukubwa, anauliza "fundi, hii nyumba inaanguka?" Mara nyingi haianguki, ni plasta. Ila mara chache inaanguka kweli, na cha kusikitisha yule ambaye yake inaanguka ndo huwa kashaziba ufa mara tatu akapaka na rangi juu, kwahiyo anayetuma picha mapema ni mwenye kaufa ka plasta na mwenye tatizo lenyewe kakaa kimya. Mi si injinia, ni mwashi, nimejenga na kubomoa na kurekebisha nyumba za watu humu Dar toka Bunju mpaka Chanika, nitaandika yale ninayokutana nayo kila mwaka na nitasema wazi pale ambapo mwashi kama mimi anatakiwa aweke mwiko chini.

Watu wakiona ufa wanamrukia fundi, "huyu alikula simenti". Inawezekana alikula, tunajuana. Lakini msingi ukititia simenti huwa mshukiwa wa mwisho kabisa, wa kwanza ni maji. Maji ya bati lisilo na gata, maji ya sinki, bomba linalovuja chini, shimo la choo lililojengwa karibu, mtaro wa jirani unaomwaga kwako. Udongo mkavu unabeba nyumba miaka na miaka, ukilowa upande mmoja tu ule upande unalainika, nyumba inakaa pale ilipolainika.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaita mtu: penseli, rula, kadi ya benki, uzi wenye kajiwe (timazi ya kienyeji hiyo), gololi moja, na mpira wa maji unaoonyesha ndani wa mita kumi hivi.

Ukuta una ufa

Hapa ndo wengi wanachanganya kwahiyo nitakaa kidogo. Kwanza angalia ufa umekaaje.

Kama ni vinyufa vyembamba vimetapakaa kama utando wa buibui, kadi ya benki haiingii (unene wa kadi ni karibu milimita 0.8), hiyo ni plasta. Fundi alizidisha simenti, au hakumwagilia, alipiga plasta saa sita mchana mwezi wa pili na jua la hapa unalijua. Gonga na kidole, ikilia wazi kama debe imeachana na tofali, kwangua hapo upige upya, umwagilie siku 7. Msingi hauhusiki.

Kama ufa umesimama wima umenyooka kabisa pale nguzo ya zege inapokutana na tofali, hiyo ni vitu viwili tofauti vinavyotanuka tofauti. Kwangua, weka waya wa kuku umepita pande zote mbili, piga plasta. Nao hauna shida.

Ufa unaolala chini ya lenta (ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha) au chini ya zege la juu, hasa ukuta unaopigwa na jua la mchana, mara nyingi ni joto, zege la juu linatanuka na kusukuma. Angalia tu kama ukuta umetoka nje ya timazi, kama umetoka basi paa linausukuma na hapo umuone injinia.

Sasa wenyewe wenye kesi ni huu: unapanda kama ngazi, unafuata viungo vya tofali, umeanzia kona ya dirisha au mlango unaelekea kona ya nyumba, na unauona ndani na nje sehemu ileile. Kama upo ndani tu na nje hakuna, pumua kwanza. Kama upo pande zote mbili, tazama wapi umepanuka zaidi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kona imeshuka katikati imebaki, ukuta umevunjika kama unavyovunja muwa gotini. Ukiwa mpana chini, katikati ndo kumeshuka, kama benchi waliyokaa wanene watupu. Hiyo inakuambia wapi pa kwenda kuchimba, maana nimeshaona watu wanachimba kona ya kulia wakati ugonjwa upo chini ya sebule.

Halafu upime kama unatembea. Chora mstari mdogo wa penseli kukatiza ufa sehemu tatu, juu, kati, chini, andika upana na tarehe palepale ukutani. Rudia kila wiki mbili. Usiogope kuchafua ukuta, ukuta tayari una ufa. Ufa uliokaa palepale masika nzima, toka Machi mpaka Mei, na vuli ya Oktoba mpaka Desemba, huo ni wa zamani, nyumba ilishakaa inakotaka kukaa. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga mvua zikija, hapo una udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa. Ufa unaoongezeka tu bila kurudi, msingi unashuka.

Sababu zenyewe sasa, nikianzia ninayokutana nayo sana:

Maji. Kapimo kake ni rahisi, funga bomba zote ndani mpaka na ya kwenye tenki, kaangalie mita ya maji ya DAWASA. Kishale kikizunguka na hakuna anayetumia maji, kuna sehemu mnawanywesha mchwa. Kama unatumia kisima na tenki, weka alama ya maji usiku ukienda kulala, asubuhi uangalie. Halafu subiri mvua kubwa, vaa koti, zunguka nyumba. Wengi hawajawahi kuzunguka nyumba yao mvua ikinyesha, utaona maji ya bati yamechimba mfereji kabisa chini ya ukingo na yanaingia msingini. Fungua chemba zote, mwaga ndoo ya maji sinki ya jikoni uone kama yanafika kwenye chemba yote au yanapungua njiani.

Hii ya sinki naisema kwasababu ya shemeji yangu wa Kinyerezi. Kona ya jiko ilikuwa na ufa wa ngazi, alimlaumu fundi aliyemjengea, akaita mwingine akaziba, ikapasuka, akaziba tena akaweka na waya, ikapasuka. Nilivyoenda tukachimba nje ya ile kona kama futi tatu, na kabla sijaona kitu nikasikia harufu ya sabuni ya vyombo. Bomba la plastiki lilikuwa limechomoka kwenye kiungo kabla ya chemba, halikuwekwa gundi, limechomekwa tu. Miaka minne dada anaosha vyombo yanaingia chini ya msingi. Udongo ulikuwa kama uji wa mtama, unazamisha sepeto kwa mkono mmoja, na hatua mbili pembeni udongo huohuo unagoma mpaka utumie sururu. Gundi ya bei ya soda. Simenti ya yule fundi wa kwanza niliikwangua na msumari, ilikuwa nzuri tu masikini, na shemeji alikuwa ameshamtangaza mtaa mzima.

Kiwanja kilichojazwa. Dar nzima watu tunajaza kifusi, sehemu ya bonde unamwagiwa malori unasawazisha unajenga juu. Msingi ukianzia kwenye kifusi badala ya udongo wa asili utashuka, hakuna ubishi. Kujua, chimba kashimo pembeni ya msingi (pembeni, sio chini yake) mpaka usawa wa zege la msingi. Ukikuta vipande vya vigae, nailoni, tofali, soli ya ndala, hicho ni kifusi.

Shimo la choo la zamani. Hii uswahilini imejaa, nyumba ya kwanza ilibomolewa, shimo likafukiwa na takataka, mwenye nyumba mpya hajui, kona moja ikakaa juu yake. Dalili yake inashuka kona moja tu na inashuka ghafla, mahali pengine nyumba nzima imenyooka. Kaulize wazee wa mtaa choo cha zamani kilikuwa wapi, kuliko hata kupiga vipimo.

Mfinyanzi. Chukua udongo wa usawa wa msingi, ujaze robo ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, jaza maji, tikisa, weka mezani. Mchanga unakaa chini ndani ya dakika, mfinyanzi unaacha maji machafu mpaka kesho yake. Ukishakuwa mfinyanzi, miti mikubwa karibu na ukuta nayo inaingia kwenye kesi maana inanyonya maji kiangazi udongo unasinyaa. Ila usikimbilie kuukata mti mkubwa kwa siku moja, udongo unaweza ukavimba ukainua nyumba, punguza matawi kwanza uulize. Wenye mchanga mtupu, Kigamboni na ukanda wa ufukweni, miti haiwahusu sana, nyie mchunge maji yanayotembea maana mchanga unahamishwa.

Jirani kachimba. Anajenga ghorofa au tenki la chini ya ardhi ukutani kwako. Ukichora mstari wa kuteremka nyuzi 45 toka chini ya msingi wako kwenda upande wake, shimo lake likikata ule mstari anakula udongo unaokubeba. Usigombane naye sana, nenda manispaa leoleo.

Ya mwisho ni uzito. Msingi wa nyumba ya chini umeongezewa ghorofa, au tenki la lita 5,000 limepandishwa juu ya kuta za choo. Likijaa ni tani 5 hizo.

Sakafu imeshuka lakini kuta zipo sawa

Unaona chini ya sketi ya tailizi (ule ukanda wa tailizi chini ya ukuta) pana uwazi, unapitisha kadi, kesho kutwa unapitisha kidole. Gololi ukiiweka inakimbilia katikati ya chumba. Watu wanapanikia hii kuliko zote na ndo nafuu kuliko zote, kwasababu msingi haujaguswa, lililoshuka ni jamvi, yaani zege la sakafu.

Karibu mara zote ni kifusi cha ndani hakikushindiliwa. Viwanja vya mteremko, Goba, Kimara, Makongo huko, upande wa chini msingi unapandishwa tofali sita saba, ndani kunamwagwa lori kwa mpigo, wanamwagilia maji kidogo wanarukaruka juu wanamwaga zege. Kifusi kinatakiwa kiingie kwa tabaka za inchi 6, kila tabaka liloweshwe kidogo na kushindiliwa kabla ya lingine. Baada ya hapo angalia bomba lililopita chini ya sakafu, halafu mchwa, na huwa naangalia pia kama kulikuwa na kisiki kilichofukiwa kikaoza.

Gonga sakafu na mpini wa nyundo, panapolia wazi chora na chaki. Kama ni eneo dogo na halizidi kushuka unaweza kuishi nalo. Kama linaendelea, vunja kile chumba, toa kifusi kilicholegea, weka moramu kwa tabaka, shindilia kwa mashine, nailoni nzito, wavu wa nondo, zege inchi 4. Usimwage zege jingine juu ya lile lililoshuka ili "kusawazisha", unaongeza mzigo kwenye godoro.

Kuna kitu cha kuangalia hapa. Kama upande wa mteremko ukuta wa msingi wenyewe umetokeza tumbo kwa nje, kifusi kikilowa kinausukuma. Hapo usivunje sakafu kwanza, utapoteza kinachoushikilia.

Milango na madirisha yanagoma

Kama ni mvua na mlango ni mbao, mbao imevimba. Subiri kiangazi. Ukigoma na kiangazi, pima fremu kona kwa kona, ulalo mmoja na ulalo mwingine, kwa kamba tu inatosha. Zikiwa sawa tatizo ni bawaba au mlango. Zikitofautiana sentimita nzima na juu ya fremu kuna kaufa ka mshazari, rudi kwenye ufa wa ngazi hapo juu, ni ugonjwa mmoja. Dirisha la alumini likianza kugoma mimi nashtuka haraka zaidi, alumini haivimbi.

Kibaraza, ngazi au choo cha nje vinaachana na nyumba

Hii kawaida. Kibaraza kilijengwa baadaye na msingi wake mfupi, nyumba ilishakaa, chenyewe ndo kinakaa sasa. Ukikikuta kinaachana taratibu na nyumba yenyewe haina ufa, acha kiachane, ziba uwazi na kitu kinachonyumbulika maji yasiingie. Kilicho hatari ni kama uwazi upo upande wa shimo la choo. Shimo la kunyonya maji, sokawei, mi napenda liwe mita 5 toka ukutani, viwanja vyetu vidogo watu wanaweka mita moja na nusu. Udongo kuzunguka shimo ukianza kuzama usitembee juu yake, usimpe mtoto ruhusa ya kucheza pale, weka miiba.

Nyumba nzima inaenda upande mmoja

Chukua ule mpira wa maji, jaza maji yasiwe na mapovu, weka alama kona zote nne za nje kwa usawa mmoja halafu pima kushuka mpaka mstari wa tofali uleule. Kona moja ikiwa chini milimita kadhaa labda ni fundi tangu mwanzo, kumbuka hakuna nyumba iliyojengwa ikanyooka kama kwenye ramani. Upande mzima ukiwa chini na namba zinabadilika kila ukipima, hii sio kazi yangu wala ya fundi yeyote wa mtaani.

Mara nyingi ni mteremko wenyewe unahama au mto umekula ukingo. Waliopo kando ya Msimbazi, Mto Mbezi, Mto Tegeta wanajua, mwaka huu mto upo mita ishirini mwakani upo chini ya mwembe wako, na wachota mchanga wanausaidia. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 toka ukingo wa mto, na ukiiona mvua ya siku tatu utaelewa waliiandika kwanini. Hapo hakuna zege la kumwaga chini ya msingi litakalosaidia, udongo wote unaondoka na zege lako ndani yake.

Kutengeneza, kwa mpangilio huu na sio mwingine

Kata maji kwanza. Gata, bomba, chemba, sakafu ya zege kuzunguka nyumba upana wa mita moja inayoteremkia nje, mfereji wa kupeleka maji barabarani (sio kwa jirani). Halafu subiri, angalia mistari yako ya penseli msimu mmoja wa mvua. Kesi nyingi zinaishia hapa, ufa unasimama, na hukutumia hata mfuko mmoja wa simenti chini ya nyumba.

Ikigoma kusimama ndo kunakuja kumwaga zege jipya chini ya msingi wa zamani mpaka kufika udongo mgumu. Injinia ndo anasema uchimbwe kina gani, mimi nakueleza ili ujue fundi akianza kukuua. Ukuta haufukuliwi wote. Unagawanywa vipande vya mita moja moja. Ukuta wa mita 8 una vipande nane, unaanza cha 1 na cha 5, vikishakamaa unaingia cha 3 na 7, kisha 2 na 6, mwisho 4 na 8. Vipande vinavyopakana havifunguliwi pamoja hata siku moja. Zege jipya linaachwa inchi 2 mpaka 3 chini ya msingi wa zamani, likishakauka siku mbili tatu ule uwazi unapakiwa mota kavu ya moja kwa tatu (simenti moja, mchanga mitatu), inagongwa na kipande cha mbao mpaka inalia. Wakija vijana sita na majembe wakafukua upande wote asubuhi ili "kazi iende", watoe watoto nje, na wewe toka.

Ukuta ukishatulia ndo unashona ufa, unakwangua viungo vya tofali kila baada ya mistari mitatu minne, unalaza nondo nyembamba inayovuka ufa nusu mita kila upande, unaijaza mota. Plasta inafuata.

Pa kuacha kugusa na kuita mtu

Ufa unaozidi milimita 5 (kadi sita za benki zikipangana zinaingia) na bado unakua. Ufa kwenye nguzo au boriti ya zege, au nondo imeonekana na kutu. Nyumba yoyote ya ghorofa, hata ufa ukiwa mdogo, sote tuliona ghorofa lilivyoporomoka Kariakoo ile Jumamosi ya Novemba 2024. Shimo lililozidi kina cha mita 1.2, mtu asiingie kabla kuta zake hazijashikiliwa na mbao, udongo wa mchanga unamfunika fundi kabla hajaita. Na kona iliyopo karibu na mita ya umeme au bomba la gesi.

Ukisikia ukuta unalia kwa ndani kama kuni zinavyopasuka, ufa umepanuka siku moja, milango mitatu imegoma kwa pamoja, hiyo sio ya kutuma picha. Tokeni wote, piga Zimamoto 114, usirudie hata hati ya kiwanja.

Injinia muulize namba yake ya usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mwenye nayo haoni aibu kuitaja. Akitaka udongo upimwe maabara usimuone anakula hela, UDSM wanapima, na TANROADS wana maabara yao, ni bei ndogo ukilinganisha na kubomoa. Akija akaangalia ufa dakika tano akakuandikia zege bila kuuliza maji yanaenda wapi, tafuta mwingine.

Kwa shemeji tulirudishia bomba na gundi, tukaweka gata na zege la kuzunguka, hatukumwaga chochote chini ya msingi. Wamepaka nyumba nzima rangi mwaka uliofuata kasoro kipande kimoja nyuma ya kabati la vyombo, pale pana penseli yangu, milimita 4 na tarehe. Nikipita kula ubwabwa nalisogeza kabati kwanza, dada ananuna, napima ndo nanawa.